Safari ya Mwenye Shanta

Lugha yetu ina majina mengi ya mtu aliye njiani, na kila jina limebeba hukumu ndani yake. Msafiri ni mtu wa heshima, kwa sababu anakwenda mahali panapojulikana kwa shughuli inayojulikana. Mgeni ana haki zake, naye hupewa kiti, maji na chakula kabla ya kuulizwa habari. Hujaji anakwenda kwa Mungu, mchuuzi anakwenda kwa faida, na mkimbizi anakwenda kwa kuwa hana budi. Lakini mtu anayekwenda bila ya kuitwa, bila ya kutumwa na bila ya kufukuzwa, huyo tumempa majina ya lawama: mzururaji, mzembe, mhuni. Watawala nao wamemtilia shaka siku zote. Utawala wa kikoloni ulimkamata mijini na kumrudisha kwao. Na katika nchi huru, mwaka 1983, kampeni ya Nguvu Kazi iliwakusanya mijini watu walioonekana hawana kazi ikawapeleka mashambani. Si ajabu, basi, kwamba mpaka leo mtu anayetembea ili aone tu huona haya kusema hivyo.

Pana jina moja lililosalia, nalo ni mtalii. Jina hili ni zuri kuliko tunavyolitumia. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kusoma na kutazama jambo kwa makini, nalo ni ndugu wa neno mtaala ambalo kila mwalimu analijua. Kwa haki ya asili yake, mtalii ni msomaji, na kitabu chake ni nchi. Walakini katika maneno ya kila siku tumelipa jina hili rangi ya ngozi na uzito wa mfuko. Mtalii, tunadhani, ni Mzungu aliyekuja kwa ndege, akapelekwa Serengeti katika gari lililofunguliwa paa. Mtanzania mwenye shanta mgongoni na fedha kidogo mfukoni hana jina la heshima. Insha hii inamhusu mtu huyo asiye na jina, na nitamweleza kwa mfano wa siku sita nilizokaa Bukoba mwezi wa Novemba 2023.

Sisi tuliosoma tuna namna yetu ya kusafiri: tunasafiri kwa posho. Barua ya mwaliko hufika, semina hutangazwa, fedha za kujikimu huhesabiwa kwa siku, na mtu hufunga sanduku lake akaenda Dodoma, Arusha au Mwanza, akalala katika hoteli asiyoichagua, akarudi na mkoba wenye nembo ya mkutano pasipo kuujua mji alimokuwa. Sisemi haya kwa kebehi, maana nami nimezila posho hizo na zimenisomeshea watoto. Nasema tu kwamba miongoni mwa watu wa kazi yangu neno safari limefungamana na malipo kiasi kwamba mtu akisema anakwenda mkoa fulani kwa fedha zake, wenzake humpa pole kwanza, kisha humwuliza nani amefariki.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika Mkoa wa Tanga. Alifundisha jiografia kwa miaka zaidi ya 30, na kwa ufito wa mwanzi alionyesha, katika ramani iliyochanika pembe, mahali Mto Kagera unapoingia katika Ziwa Viktoria. Hakuuona mto huo. Aliijua mito yote ya nchi kwa majina, na nje ya mkoa wake hakuona hata mmoja. Hamu alikuwa nayo. Alichokikosa ni ruhusa ya moyo, kwa sababu aliamini kwamba kuitazama nchi ni kazi ya watu waliolipwa kuitazama.

Imani hiyo haikuanza kwake. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa kitabu cha Safari za Wasuaheli, ambacho ni miongoni mwa vitabu vyetu vya mwanzo vya nathari juu ya safari. Ndani yake yumo Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Lakini alifika huko akiwa mtumishi katika msafara wa Mjerumani. Wamo na wengine walioingia bara kwa biashara. Macho ya watu hao yalikuwa makali, na masimulizi yao yanasomeka kwa raha hata leo, ila miguu yao ilikuwa ya bwana au ya bidhaa. Ilhali kwa upande wa pili wa dunia, vijana wa Ulaya, Marekani na Australia wamefanya desturi ya kubeba shanta na kuzunguka Asia kwa miezi. Chiang Mai, mji wa mkoani wa kaskazini ya Thailand, una vichochoro vyenye vyumba vingi vya bei nafuu kwa ajili yao. Wenyeji wameshawazoea, wala hakuna anayewauliza wamefiwa na nani.

Nilijiwekea sheria tatu. Ya kwanza, nisitumie zaidi ya shilingi 30,000 kwa siku, mbali na nauli ya kunifikisha na kunirudisha. Ya pili, nisimpigie simu mtu yeyote ninayemjua mkoani, maana kila mhadhiri ana wanafunzi wa zamani kila mahali, na mwanafunzi wa zamani akijua mwalimu wake amefika, mwalimu hatatoa tena senti wala hataona kitu ila sebule. Ya tatu, nikiulizwa kilichonileta, niseme kweli.

Sheria ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu, nayo ilijaribiwa mapema. Basi liliondoka Mwanza alfajiri, likavuka ghuba kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi. Daraja la mahali hapo lilikuwa bado linajengwa. Lilifunguliwa mwaka 2025, na leo abiria huvuka juu ya maji kwa dakika chache. Tukapita Sengerema, Geita na Chato. Tulipoingia Muleba nchi ikageuka: vilima vikawa na majani ya kijani mbichi, migomba ikasogea hadi ukingoni mwa njia, na upande wa kulia ziwa likawa linaonekana na kupotea. Mzee aliyeketi kando yangu, mwenye koti zito na fimbo, aliniuliza kwa upole ni msiba wa nani niliokuwa nauendea. Swali lake lilikuwa na maana. Wahaya wamesambaa nchi nzima na nje yake kwa elimu na kwa kazi, lakini wengi wao hurudishwa kuzikwa katika kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba ya ukoo. Mwezi wa Desemba wenyeji hurudi kwa wingi. Mwezi wa Novemba mtu mzima mwenye miwani ndani ya basi ni mfiwa.

Nikamjibu, “Shikamoo tena, mzee wangu. Hakuna msiba. Ninakuja kuiona Bukoba.”

“Marahaba. Una shamba unataka kununua?”

“La, mzee. Kuiona tu.”

Alinyamaza mpaka tukapita Kemondo, kisha akauliza kazi yangu. Nilipomwambia, alicheka kwa furaha. “Watu wa nchi hii hututania, hutuita nshomile, watu wa kujisifu kwamba tumesoma,” akasema. “Lakini hata sisi, mwanangu, hatujasoma kiasi cha kupanda basi kutwa nzima ili tuangalie migomba ya wenzetu.”

Nyumba ya wageni niliyoipata upande wa Kashai iliniuzia chumba kwa shilingi 15,000: kitanda, chandarua, ndoo ya maji na dirisha lililotazama paa la bati la jirani. Kitabu cha wageni kilikuwa na safu za jina, kabila, kazi, utokako, uendako, na mwisho kabisa, sababu ya safari. Niliandika: kutalii. Binti aliyekuwa mapokezi, ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, aliligeuza daftari akalisoma.

“Mwalimu, hapa huwa wanaandika kikazi au binafsi.”

“Binafsi maana yake ni nini, binti yangu?”

Alifikiri kidogo. “Maana yake ni kwamba hutaki kusema.”

“Basi mimi nataka kusema.”

Akaliacha neno langu lilivyo, ila alinionya kwamba polisi wakija kukagua daftari watacheka. Nilifungua kurasa za nyuma. Kikazi, binafsi, msiba, binafsi, kikazi, mgonjwa, msiba. Katika miezi mitatu ya daftari lile hakuna Mtanzania aliyeandika kwamba amekuja kuona.

Mji wa Bukoba hautaki mtu wa haraka. Hupata mvua ya yapata milimita 2,000 kwa mwaka, karibu maradufu ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha asubuhi, wakati mtu mwenye ratiba anataka kutoka. Asiye na ratiba husimama chini ya baraza za maduka pamoja na watu wengine, na hapo ndipo mji unapozungumza. Chini ya baraza hizo nilijifunza bei ya kahawa, habari za timu ya Kagera Sugar na uwanja wake wa Kaitaba, na nyufa za tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, ambazo wenyeji huzionyesha kwa kidole kama mtu anavyoonyesha kovu lake. Shule ya Sekondari ya Ihungo, iliyoko kilimani, iliharibiwa siku ile ikajengwa upya. Mwenye gari la kukodi angepita mbele ya baraza zile akiwa mkavu, asisikie hata neno moja.

Nilikula kwa mama ntilie karibu na soko: ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, siku nyingine na sato. Novemba ni majira ya senene. Usiku watu wa mji huwasha taa kali, wakasimamisha mabati na mapipa, na wadudu wale wa kijani hujigonga wakaanguka. Zamani wanawake ndio waliowakamata senene mashambani, ilhali mila iliwakataza kuwala. Leo anayenunua hula. Mama mmoja alikuwa akiwauza kwa kipimo cha kikombe. Kijana aliyevaa vizuri alimbana bei kwa muda mrefu, akiitaja bei ya juzi, bei ya kijijini na bei ya mwaka jana, hata mama akakubali na kupima kikombe sawasawa, bila ya punje kuzidi. Zamu yangu ilipofika nililipa alivyotaja. Mama akapima kikombe changu, kisha akachota kwa mkono wake akaongeza juu yake hadi wakamwagika.

Nyongeza ni desturi ya soko la Afrika Mashariki yote, na sharti lake linajulikana: hupewa mteja wa kurudi. Nikamwambia, “Mama, mbona unanipa nyongeza, nami ni mpita njia?”

“Utarudi,” akasema, akageukia mteja mwingine.

Maneno hayo yalinifanya nifikiri juu ya urahisi wa safari kuliko hesabu zote nilizoandika katika daftari langu. Watu wa shanta wana fahari moja ambayo si njema: hushindana nani ametumia kidogo zaidi. Lakini bei ndogo hailetwi na malaika. Ikiwa mchele umekuwa rahisi, kuna mtu aliyeuza kwa rahisi. Ikiwa chumba ni shilingi 15,000, kuna binti aliyefua mashuka kwa mikono. Mwenyeji humpunguzia mwenyeji mwenziwe bei kwa kuwa kesho yeye naye atapunguziwa. Mpita njia hana kesho ya kulipia. Kwa hiyo anayetembea kwa fedha kidogo na apunguze matumbo yake na starehe zake, asipunguze jasho la watu. Alale chumba kidogo, ale ndizi badala ya nyama, atembee kwa miguu. Lakini ndizi hizo azilipie kwa bei yake.

Siku ya tatu nilipanda gari dogo la abiria kwenda upande wa Maruku, nikashuka njiani na kwenda kwa miguu kutafuta Katuruka. Mvua ilinikuta katikati ya migomba. Bibi mmoja aliyekuwa barazani kwake aliniita nijikinge. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza, kama wote, nimemfuata nani. Nilisema kweli. Hakucheka wala hakushangaa. Aliingia ndani akatoka na kahawa ya kutafuna iliyofungwa katika jani la mgomba. Buni hizo huchumwa zikiwa mbichi, zikachemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri na kukaushwa, na katika nyumba za Kihaya ndizo zinazomkaribisha mgeni kabla ya jambo lolote. Zamani watu wawili walipofanya undugu wa kuchanjiana, waligawana punje mbili zilizokaa katika tunda moja. Bibi yule hakunieleza hayo, alinipa tu, akasema, “Tafuna, waitu, mvua itapita.” Waitu maana yake ni wetu. Nilikuwa nimekwisha kaa mkoani siku tatu, na hilo lilikuwa jina la kwanza nililopewa ambalo halikuhitaji sababu.

Katuruka yenyewe ina fundisho kwa watu wa vyuo. Wazee wa mahali hapo walisimulia tangu zamani habari za mfalme Rugomora Mahe, ambaye alikuwa na makao yake hapo, na za wahunzi waliofanya kazi ya chuma chini ya mti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, aliwasikiliza wazee hao, akachimba mahali walipomwonyesha. Akakuta masalio ya kuyeyushia chuma, na makaa yake yalipopimwa yalionekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Simulizi la mdomo lilikuwa limehifadhi mahali ambapo maandishi hayakufika. Nililijua jambo hili kutoka katika vitabu, na nimelifundisha. Lakini nilipokuwa nimesimama pale na matope viatuni, kiongozi wa mahali akiniashiria kwa kidole mahali mti ulipokuwa, nilielewa kwamba mtafiti yule alifanikiwa kwa sababu alikaa. Aliwapa wazee muda. Muda ndio mali ambayo mwenye shanta anayo kuliko mwenye posho.

Mtu atasema: hayo ni maneno ya raha tu, safari isiyo na sababu ina faida gani? Nami nitamjibu kwa historia ya Bukoba, maana mji huu umewaona wageni wengi wenye sababu. Emin Pasha alifika mwaka 1890 na sababu yake, akaweka kituo cha Wajerumani kando ya ziwa. Mwezi wa Juni 1915 askari wa Kiingereza walishuka kutoka katika meli wakiwa na mizigo yao mgongoni na sababu yao; miongoni mwao alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, akiwa na umri wa miaka 63. Waliuvunja mnara wa simu ya upepo, mji ukaporwa, wakapanda meli zao wakaondoka. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi ya kaskazini ya Mto Kagera, nayo yalikuwa na sababu yaliyoitangaza redioni. Wageni wote hao wangeijaza vizuri safu ya mwisho ya daftari la nyumba ya wageni. Sijasikia mji ulioporwa na mtu aliyekuja kuutazama, akalipia chumba chake, akasikiliza mvua, akaenda zake.

Siku ya nne niliuona Mto Kagera, katika Daraja la Kyaka, kwenye njia iendayo Mutukula na Uganda. Daraja la zamani la hapo lilivunjwa katika vita ile ya 1978. Mto ni mpana, wa rangi ya udongo, nao unakwenda kwa nguvu pasipo kelele, ukichukua vipande vya mafunjo. Ni mkubwa kuliko mito yote inayoingia katika Ziwa Viktoria. Nilikaa ukingoni, mbali kidogo na daraja, kwa muda wa saa mbili. Muuza mahindi ya kuchoma aliniuliza nasubiri nini. Nilisema sisubiri kitu. Nilitaka kumwambia kwamba niliuona mto huu mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka minane, katika ramani, chini ya ncha ya ufito wa mwanzi, na kwamba katika ramani ulikuwa wa buluu. Nikanunua mhindi.

Ni lazima sasa niseme neno juu ya urahisi wa namna nyingine, ili mtu asidhani kwamba ninasifu ufukara. Siku ya tano nilishuka bandarini. Kutoka bandari ya Bukoba iliondoka meli ya MV Bukoba, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia Mwanza, ilipinduka na kuzama. Meli ilikuwa imejaa kupita kiasi. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina; abiria wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo kuliko wote, hawakuwa na orodha. Kwa hiyo idadi ya waliokufa, inayotajwa kuwa zaidi ya 800, ni kadirio mpaka leo. Wengi walizikwa pamoja Igoma, Mwanza. Bukoba kuna nyumba nyingi ambazo msiba wake ni huo, na jambo linalouma katika masimulizi ya watu ni kwamba aliyelipa kidogo hakuhesabiwa, akiwa hai wala akiwa maiti.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati yangu na watu wa daraja la tatu. Mimi nilichagua kutumia kidogo kwa siku sita, na katika akaunti yangu ulikuwamo mshahara wa mwezi ule ukinisubiri. Wao hawakuchagua. Mwenye shanta akisahau tofauti hiyo, huanza kuuchezea umaskini kama mtu anayevaa kanzu ya mwenziwe ili apigwe picha. Akiikumbuka, safari yake humfundisha yale ambayo semina haimfundishi: kwamba watu wengi wa nchi hii husafiri hivi kila siku, wamebanana, wakiwa na kuku miguuni na mtoto mapajani, nao hawaiiti safari ya gharama nafuu. Wanaiita nauli.

Kutoka bandarini nilitembea mpaka Nyamukazi, kijiji cha wavuvi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikikaribia uwanja wa Bukoba ilianguka ziwani katika hali mbaya ya hewa, ikiwa na watu 43. Wavuvi ndio waliofika mwanzo, kwa mitumbwi na makasia. Watu 19 walikufa, 24 wakaokoka. Nilikaa na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu, kisiwa cha Musira kikiwa mbele yetu ndani ya ukungu. Sikuwauliza habari za siku ile. Kuna maswali ambayo mpita njia hana haki nayo. Wao ndio walioniuliza, kwa udadisi mwingi, juu ya bahari: kama ni kweli kwamba maji yake hayanyweki, na kwamba mara mbili kwa siku yanaondoka na kurudi. Niliwaeleza kupwa na kujaa kwa kuchora mchangani. Mvuvi mmoja wa makamo alisema angependa kuyaona hayo kabla ya kufa. Mwenzake akamwuliza, “Utamfuata nani huko?” Wote wakacheka, na yeye pia, lakini yeye alichelewa kucheka.

Hesabu yangu ya siku sita ni hii. Chumba, shilingi 75,000. Chakula, shilingi 58,000. Nauli za karibu, shilingi 32,000. Kiongozi wa Katuruka, shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 175,000, yaani nilibakiwa na 5,000 katika kiasi nilichojipimia. Lakini hesabu hiyo si kamili, kwa sababu haina mahali pa kuandika kahawa ya bibi, wala nyongeza ya senene, wala mwavuli nilioazimwa kwa kutwa na mtu asiyejua jina langu. Msafiri mkubwa Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani aliyesifiwa kwa ukarimu, akasimulia jinsi fakiri mmoja wa Yemen alivyomwomba sultani nguo alizovaa, naye akampa. Tangu zamani, basi, pwani na bara, msafiri ameishi juu ya mkono wa mwenyeji. Deni hilo halilipwi kwa fedha. Hulipwa kwa kukumbuka sawasawa, na kwa kumfungulia mlango mtu mwingine atakayekuja kwetu bila ya sababu.

Kwa hiyo ninayo maneno mawili kwa wanaosoma kurasa hizi. Kwa wanafunzi: nchi hii ni mtaala ambao haukuchapishwa, na ada yake si kubwa. Likizo ijayo, kabla hamjapata posho ya kwanza na kuizoea, chukueni shanta, mwende mkoa msio na ndugu ndani yake. Lipeni bei ya haki, mkae chini ya baraza, mwulizwe. Kwa wenzangu walimu: tukiwaona vijana hao njiani, tusiwaite wazururaji, wala tusiwatake waandike kikazi. Tuna jina lao tayari, na ni wajibu wetu sisi wa lugha kuwarudishia. Mimi nilipotoka katika nyumba ile ya wageni, binti wa mapokezi alinionyesha daftari. Fundi wa redio kutoka Singida, aliyekuja usiku ule kukagua mitambo, alikuwa ameandika kikazi katika safu ya mwisho. Kisha akaongeza mkato, na baada yake, kwa herufi ndogo: na kuona ziwa.